Nukta za Anaclet

Ni Jumatatu ya pili ya Februari, mwaka jana, saa mbili na robo asubuhi. Gari aina ya Noah limesimama mbele ya mlango wa bati kando ya barabara ya Nguba, mjini Bukavu. Dereva anapiga honi mara ya tatu. Mlango haufunguki.

Dereva ni Grégoire, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili. Jumamosi hubeba maarusi, siku nyingine hubeba yeyote anayelipa. Gari lake lilifungwa amplifaya mpya juzi. Fundi, Anaclet Zagabe, alimwambia arudi Jumatatu ili boksi la spika kubwa livishwe kitambaa, kwa sababu gundi ilikuwa haijakauka.

Kando ya mlango, juu ya tairi kuukuu, amekaa Willy, mvuta nyaya wa atelie hiyo, karakana ya Anaclet. Hana ufunguo. Ufunguo ni mmoja, nao hulala mfukoni mwa Anaclet.

"Patron hachelewake," anasema Willy juu ya bosi wake. "Hata siku ya mvua."

"Labda ameoa bibi ya pili," anajibu Grégoire. "Mwache alale."

Kabla ya saa tatu simu ya Willy inalia. Anasikiliza, kisha anasimama na kupangusa vumbi kwenye suruali. Anaclet amefariki hospitalini saa kumi na moja alfajiri. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

"Papa Grégoire, rudisha gari," anasema Willy. "Anaclet haiko tena."

Mlango wa bati unabaki umefungwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, anayeufungua ni mke wake.

Leo, mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, ni saa mbili asubuhi na mlango uko wazi. Euphrasie M'Bisimwa, mwenye umri wa miaka arobaini na nne, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha Rav4 ya kijivu. Amevua viatu. Futi ya kushonea inaning'inia shingoni mwake, na mkononi ana bisibisi ndogo. Willy yuko chini ya dashibodi, miguu yake ikiwa nje ya mlango.

"Maman Ariane, niwashe?" Ariane ni binti wa Euphrasie, na hapa mama huitwa kwa jina la mtoto wake.

"Usiwashe. Masse umekwangua?"

"Nimekwangua."

"Umekwangua ao umepangusa?"

Kicheko kinasikika kutoka chini ya usukani. Willy anatoka, anachukua msasa na kuzunguka hadi nyuma ya gari. Masse ni waya mweusi wa amplifaya, na lazima ushike chuma kitupu cha bodi. Ukishika juu ya rangi, spika hutoa mluzi unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta. Anaclet alikuwa akisema gari la namna hiyo linajiimbia lenyewe.

Waya mwekundu unatoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu, na unapita upande wa kushoto wa gari. Nyaya za sauti kutoka kwenye redio zinapita upande wa kulia. Hazipaswi kukaribiana. Kazi hiyo Willy ameifanya kwa miaka tisa na anasema anaweza kuifanya akiwa amelala.

Kinachofuata hawezi kukifanya hata akiwa macho.

"Miye niko na mikono," anasema. "Masikio, Mungu alinipatia ya kushikilia kofia tu."

Kinachofuata ni kupanga sauti. Ubavuni mwa amplifaya kuna skrubu ndogo ambayo madereva wengi hudhani ni ya kuongeza kelele. Siyo. Kazi yake ni kuiambia amplifaya redio inaongea kwa nguvu kiasi gani. Euphrasie anafungua redio hadi robo tatu ya nguvu zake, anazungusha skrubu taratibu mpaka sauti inapoanza kupasuka, kisha anairudisha nyuma kidogo. Hapo anaiacha.

"Dereva akitoka hapa, kesho yake anakaza ile vis mpaka mwisho," anasema Euphrasie. "Baffle, zile spika, zinaungua. Anarudi anasema tulimuwekea ya bandia. Njo maana ya verni."

Verni ni rangi ya kucha, na njo ni ndiyo ya Bukavu. Anaclet alipokwisha kupanga gari, alichukua chupa nyekundu ya mke wake na kuweka nukta mbili: moja kwenye skrubu, nyingine kwenye bodi ya amplifaya, zikitazamana. Alifanya hivyo pia kwenye vitufe vitatu vya kuzungusha vilivyo chini ya redio, cha besi, cha sauti za kati na cha sauti nyembamba. Mtu akigusa kimoja, nukta haziangaliani tena, na mabishano yanakwisha kabla hayajaanza.

Chupa hiyo Euphrasie aliinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alipaka mara moja. Iliyobaki ilikwenda kwenye magari.

Kuna magari mengi yenye nukta nyekundu mjini, kuanzia Nguba hadi Bagira. Madereva huzionyesha wakiuza gari. Atelie haina tangazo lolote ila maneno mawili yaliyopakwa kwenye bati: Chez Anaclet, yaani Kwa Anaclet. Kufunga na kupanga amplifaya ni dola thelathini na tano, na wiki nzuri ina magari manne. Wiki mbaya ina moja. Kwa fedha hizo zinalipwa kodi ya atelie, mshahara wa Willy na masomo ya Ariane, aliye mwaka wa tano wa sekondari. Na wateja, kwa maneno ya Euphrasie mwenyewe, hawaji kwa ajili ya bati. Wanakuja kwa ajili ya jina.

Kwa miaka kumi na mmoja, yeye alikuwa mshonaji wa atelie. Cherehani yake iko kwenye kona, chini ya dirisha. Alishona vitambaa vya viti na kuvika maboksi ya spika, mgongo wake ukiwa umeelekea magari. Jioni mbili kwa wiki aliongoza kwaya katika kanisa dogo la Kasha, wanakoishi.

Kwaya hiyo ndiyo Anaclet aliitumia kupimia. Aliirekodi mwenyewe mwaka wa tatu wa ndoa yao, kanisa likiwa tupu na milango imefungwa, wimbo mmoja wa Kishi, lugha ya wenyeji wa hapa, wa dakika nne. Anayeanza kuimba ni Euphrasie, peke yake, kabla wengine hawajaingia. Wimbo huo ulikaa kwenye flashi ya kijani, na kila gari lililofungwa amplifaya hapa lilipangwa kwa wimbo huo, hata kama mwenyewe angecheza ndombolo maisha yake yote.

"Watu walikuwa wanacheka," anakumbuka Willy. "'Anaclet, unapanga gari ao unaibatiza?' Yeye anasema: 'Sauti ya mutu naijua. Gitaa inaweza kunidanganya, bibi yangu hapana.'"

Baada ya matanga, Euphrasie alirudi kwenye cherehani. Willy alifunga nyaya na kujaribu kupanga sauti mwenyewe. Magari matatu yalitoka. Mawili yalirudi.

La nne lilipokuwa likipangwa, Euphrasie alikuwa akishona zipu. Alisema bila kugeuka, "Punguza ya katikati."

"Maman Ariane, uko unashona ao uko unasikiliza?"

"Nafanya yote mbili. Punguza."

Willy alipunguza. Mwenye gari, aliyekuwa amesimama nje akizungumza kwa simu, aliikata simu akaja kusikiliza.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Hakuwa amewahi kushika bisibisi ya Anaclet, lakini alijua gari lililopangwa vizuri linasikikaje, kwa sababu alikuwa amelisikia kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Vifaa alifundishwa na Willy. Madereva walihitaji muda mrefu zaidi.

"Maman, nimeleta gari, sikuleta pazia," mmoja alimwambia.

"Pazia ningekuwa nimeshamaliza," alijibu. "Toa viatu, ingia."

Kufikia Juni alikuwa akipanga magari yote. Mwezi uliofuata aligundua jambo ambalo hakulitafuta.

Magari yenye nukta nyekundu yalikuwa yakirudi kwa sababu za kawaida: fyuzi imekatika, kitambaa kimechanika. Kila mara alicheza wimbo wa flashi ya kijani ili kuhakikisha mambo yako sawa. Magari ya zamani yalikuwa sawa. Lakini katika magari ya karibuni sauti yake mwenyewe ilimuumiza masikio. Wimbo unamwita Mungu kwa jina la Kishi, Nyamuzinda, na katika magari hayo ile herufi ya katikati, z, ilichemka kama mafuta yanayopokea samaki.

Alifikiri ni vumbi. Akasafisha spika. Alifikiri ni spika zenyewe. Willy akaweka nyingine. Mafuta yakaendelea kuchemka, na nukta zilikuwa zinatazamana, maana yake hakuna aliyegusa kitu.

Anaclet alikuwa na daftari. Hakuandika fedha humo. Aliandika namba ya gari, tarehe, na mahali kila kitufe kilipoelekea, kwa mfano wa saa ya ukutani: kikitazama juu ni saa sita, kikitazama kulia kabisa ni saa tisa. Euphrasie alilifungua kwenye meza ya kukatia vitambaa na kufuata safu ya sauti nyembamba kwa kidole.

Kwa miaka mingi ilikuwa saa sita, mara chache saa sita na nusu. Kisha, kwenye ukurasa wa miezi kumi na minne ya mwisho, saa saba. Saa saba na nusu. Saa nane. Gari la Grégoire, la mwisho, lilikuwa saa tisa.

Aliyahesabu. Yalikuwa magari thelathini na moja.

Jibu la pili lilitoka kwenye koti. Kwa desturi ya familia, nguo za marehemu hugawanywa, na koti jeusi la Anaclet lilitengwa kwa ajili ya kaka yake mkubwa, Nathanaël. Euphrasie alilipiga pasi kabla ya kulipeleka. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, ya Oktoba, miezi minne kabla ya kifo. Ilikuwa na mchoro: mstari unaotembea sawasawa kutoka kushoto, kisha unatelemka kwa ghafla kama njia ya kushukia ziwani.

Aliipeleka kwa muuguzi anayeimba naye. Muuguzi alimweleza kwamba ni kipimo cha masikio. Sauti nzito mgonjwa aliisikia kama mtu yeyote. Nyembamba aliisikia kama iliyo nyuma ya ukuta, na zile za juu kabisa hakuzisikia.

"Kwa hiyo alijua," anasema Euphrasie. "Miezi mine alijua, na aliendelea kupanga magari ya watu."

Anaendelea kwa sauti ile ile.

"Kwa nyumba nilikuwa namuita kutoka jikoni, hajibu. Nilidhani ni kiburi. Mwezi wa kumi na moja nilikaa wiki tatu bila kumusemesha. Mpaka leo sijui kama alitambua."

Willy naye alikuwa na lake la kusema, na lilimchukua mwezi mzima kulisema. Katika siku za mwisho Anaclet alikuwa akimwita ndani ya gari, anacheza wimbo, anamuuliza, "Willy, unaskia ile z vizuri?"

"Na miye najibu, 'Iko sawa, patron,'" anasema Willy. "Kila siku iko sawa, patron. Ilikuwa saa saba ya muchana, nilikuwa na njaa. Na patron mwenye masikio ya mji muzima, miye ni nani wa kumuambia hapana?"

Kwa fundi wa sauti kosa la namna hiyo linaeleweka. Kifaa chake cha kupimia kilikuwa kichwani mwake, na hakukuwa na kingine cha kukipimia. Sauti ya mkewe ilipoanza kufifia ndani ya magari, alizungusha kitufe mpaka ikarudi. Kwake yeye ilikuwa imerudi. Wengine walisikia mafuta ya moto.

"Aliongeza mpaka akanisikia," anasema Euphrasie. Kisha anainuka kwenda kutafuta uzi.

Kuyapanga upya magari thelathini na moja kulihitaji nusu saa kwa kila moja na hakukuwa na malipo. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kugusa nukta ya Anaclet ni kusema Anaclet alikosea, na atelie inakula kwa jina lake. Kuziacha ni kuyaacha magari yaumize masikio ya watu kwa jina hilo hilo.

Alianza na la Grégoire.

Grégoire alipoona bisibisi inaelekea kwenye kitufe, aliweka kiganja juu ya redio.

"Hapana, Maman Ariane. Ile kadoti njo mukono ya Anaclet. Ya mwisho. Usiguse."

"Abiria wako hawalalamike?"

"Bibi arusi mumoja alisema kichwa inamuuma. Maarusi wote kichwa inawauma."

"Papa Grégoire, kaa chini. Sikiliza mara mbili. Ukikataa, narudisha mahali ilikuwa."

Alicheza wimbo ulivyokuwa. Kisha akarudisha kitufe kutoka saa tisa hadi saa sita na dakika chache, akaucheza tena. Willy, wateja wawili na mwanamke muuza ndizi wa nje walikuwa wamesimama mlangoni. Grégoire alisikiliza mpaka mwisho wa dakika nne.

"Ya kwanza nilikuwa naskia sahani," alisema. "Sasa naskia mutu."

Kisha akauliza swali ambalo Euphrasie alijua litakuja.

"Sasa, Anaclet alikosea?"

Willy anasema aliangalia chini. Muuza ndizi aliweka beseni lake sakafuni.

"Masikio yake ilikuwa inagonjwa," Euphrasie alijibu. "Hakuambia mutu. Hata miye."

Hakuifuta nukta nyekundu. Chupa ile ilikuwa imekauka, kwa hiyo alinunua nyingine sokoni, ya rangi ya kahawa, akaweka yake kando ya ile ya mumewe. Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Nyekundu inabaki mahali pake, haitazamani na kitu.

Habari ilifika Bagira kabla ya Grégoire kufika kwake. Baadhi ya wateja walihamia atelie nyingine chini ya barabara, ambako waliambiwa kwamba mjane anaharibu kazi ya marehemu ili apate ya kwake. Agosti kulikuwa na wiki mbili bila gari hata moja, na Euphrasie alishona sare za shule. Wengine, waliokuwa na nukta nyekundu na maumivu ya kichwa yasiyo na sababu, walianza kuja mmoja mmoja. Alichagua Jumamosi kwa ajili yao. Kila aliyeuliza sababu aliambiwa maneno yale yale, masikio yake ilikuwa inagonjwa, si zaidi.

Kufikia Krismasi alikuwa amemaliza kumi na tisa. Wateja wapya walianza tena kuja taratibu. Sasa wiki ina magari matatu, wakati mwingine manne.

Aliyekasirika kuliko wote hakuwa mteja. Alikuwa Nathanaël, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, karani katika ofisi moja ya mjini, mrithi wa koti. Kwenye misa ya mwaka mmoja alimsalimia Euphrasie kwa mkono mmoja na kusema mbele ya familia: "Bibi ya mudogo wangu anatembea na kitabu ya makosa ya mutu amekufa."

Gari la Nathanaël lilikuwa kwenye kitabu hicho, mstari wa thelathini na moja kwa mpangilio wa Euphrasie, kwa sababu alijua litakuwa la mwisho kuja, kama litakuja.

Limekuja Jumamosi hii. Rav4 ya kijivu imeondoka, na mahali pake inaingia Carina ya bluu iliyooshwa. Nathanaël hashuki. Anateremsha kioo hadi nusu. Amevaa koti jeusi.

"Yaya Nathanaël, karibu," anasema Euphrasie, kwa neno la hapa la kumwita kaka mkubwa.

"Gari zote zimekwisha?"

"Imebaki yako."

"Nilikuja kuona kama utakuwa na moyo wa kugusa yangu. Kama unataka kugusa, gusa. Lakini nitabaki ndani."

"Baki. Ni muzuri mutu akibaki."

Anavua viatu, anaingia nyuma, na Willy anakaa mbele upande wa pili. Flashi ya kijani inaingia kwenye redio. Kitufe cha sauti nyembamba kiko saa nane na nusu, nukta mbili nyekundu zikitazamana. Wimbo unaanza. Neno la kwanza linapofika katikati, Willy, mwenye masikio ya kushikilia kofia, anakunja uso na kuweka kidole sikioni.

Nathanaël hakunji uso. Mabega yake yanashuka. Anaegemea kiti.

"Humu njo nakuskiaka muzuri, Euphrasie, na ile kopi ya wimbo Anaclet alinipatia," anasema. Ni mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu misa. "Kwa kanisa hapana. Siku hizi kwa kanisa munaimba chini chini. Humu, kila kitu."

Euphrasie, aliyekuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye kitufe, anaurudisha. Anamtazama shemeji yake kupitia kioo cha ndani. Kisha anazima redio na kumwonyesha Willy, kwa kidole, simu ya Nathanaël iliyoachwa kwenye kiti cha nyuma. Willy haelewi. Anamwonyesha tena, kisha anaonyesha simu ya Willy mwenyewe.

Willy anapiga. Simu iliyo kwenye kiti cha nyuma inalia, mlio mwembamba kama wa ndege mdogo. Inalia mara sita. Muuza ndizi aliye barabarani anageuka kuangalia. Nathanaël anaendelea kutazama mbele, akisubiri wimbo urudi.

"Umezima kwa nini?" anauliza.

Euphrasie anaichukua simu, bado inalia, na kuiweka kwenye kiganja cha Nathanaël. Inatetemeka mkononi mwake. Nathanaël anaitazama kwa muda, kisha anamtazama Willy, kisha simu ya Willy.

"Ni wewe unanipigia?"

"Ni miye, papa."

Willy anakata simu.

"Hii gari siguse," anasema Euphrasie. "Kwako iko sawa."

"Nilikuambia. Mudogo wangu hakukosea."

"Kwako hapana, yaya." Anavaa viatu vyake. Kutoka kwenye droo ya cherehani anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, anaifungua juu ya boneti ya Carina na kuinyoosha kwa kiganja. "Hii ilikuwa kwa mufuko ya hiyo koti. Niliificha mbele ya kukupatia. Angalia huu musitari."

Nathanaël anashuka kwenye gari. Anavaa miwani. Anasoma jina la mdogo wake, tarehe, kisha anafuata mstari kwa ukucha mpaka unapotelemka, na kidole chake kinabaki hapo.

"Baba yetu pia," anasema baadaye. "Kufika miaka hamsini tulikuwa tunamulalamikia. Tulisema ni uzee unamutia kiburi."

"Nilienda kwa daktari wake, alisema iko vifaa vya kuweka kwa sikio. Kwa Anaclet ilikuwa bado mapema. Alikuwa arudi Machi."

"Na Ariane?"

"Nilimupeleka mwezi wa kumi na mbili. Yake iko muzuri."

Nathanaël anakunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani. Euphrasie anamwambia aende kupimwa hospitalini. Anakataa, mara ya kwanza kwa sababu ya kazi, mara ya pili kwa sababu ya bei. Mara ya tatu anauliza ni saa ngapi. Euphrasie tayari ameshika simu na anazungumza na muuguzi wa kwaya. Willy anarudi kwenye nyaya zake. Carina inaondoka na nukta mbili nyekundu zikitazamana, na redio imefunguliwa, sauti ya Euphrasie ikipita kwenye kioo kilichoteremshwa mpaka kwenye kona.

Mipango ya Euphrasie si mikubwa. Anataka kununua kifaa cha kupimia sauti kinachoonyesha namba, ili kazi isibaki kwenye masikio ya mtu mmoja, hata yakiwa ya kwake. Kwa hesabu yake kitapatikana kabla ya mwisho wa mwaka. Mpaka hapo, kila gari linasikilizwa na watu wawili, na Willy amekatazwa kusema iko sawa kabla ya kula.

Daftari limefungwa. Magari thelathini yana nukta ya rangi ya kahawa. La thelathini na moja halina.

Miadi ya Nathanaël ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Euphrasie atamsindikiza. Siku hiyo mlango wa bati hautafunguliwa mpaka saa sita.